Dawa Niliyoipika Jikoni

Uliyenifuata tangu mwanzo unajua nilivyotoka kijijini kwetu Nambis na mfuko wa nguo, nilivyofukuzwa kwenye kibanda cha chipsi kwa sahani ambazo sikuzivunja mimi, na nilivyoangukia hapa Katesh kuosha magari kwa Mama Safina. Unayeanza leo, hayo yanakutosha.

Huko nyuma kote nilionewa. Ya leo hakuna aliyenionea.

Ndiyo maana kalamu ya safari hii imekuwa nzito. Nikiandika mstari mmoja naufunika na mkono, kama vile kuna mtu anachungulia.

Mama Safina jina lake ni Mwanaamina. Ni mjane. Baba yake alikuja Katesh zamani kuuza nguo mnadani, akabaki. Eneo la kuoshea magari liko uani kwake, kando ya barabara, na nyumba yake iko hapo hapo, kwa hiyo ukiosha gari unasikia harufu ya vitumbua. Waoshaji tulikuwa wawili, mimi na Zita.

Shida yetu ilikuwa maji. Tunatumia ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Unaosha gari jeusi mpaka unajiona uso, upepo wa mlimani unalipiga kabla hujashika taulo, na ukigeuka lina madoa meupe mwili mzima.

"Hili gari mmeliosha au mmelilaza bandani na kuku?" mteja mmoja alituuliza.

Zita alicheka. Mimi sikucheka, maana yule mteja hakurudi. Na wengine wakaanza kupita wakiangalia mbele.

Mama Safina akaniita.

"Paskalina, kuna dawa za kuzuia haya madoa. Mtu wa Arusha analeta. Nataka wewe ndiye uchague."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Zita ana mdomo. Wewe una macho. Harusi ya Safina iko karibu, siwezi kununua kitu cha kubahatisha."

Zita alisikia. Akajifunga kanga upya na kusema kwa sauti ya kanisani, "Tumwombee dada yetu wa darasa la saba, leo anachagua kemikali. Kesho atachoma ng'ombe sindano."

Nilijifanya sijasikia. Ila ukweli, msomaji, moyo ulikuwa umevimba kama andazi.

Yule muuzaji alituachia vichupa vya kujaribia. Dawa zilikuwa za namna mbili. Kuna ya kukausha: unapulizia gari likiwa bado limelowa, maji yanajikusanya matone matone na kukimbia yenyewe, taulo inabaki na kazi ndogo. Na kuna ya kuziba: unapaka gari likishakauka, inakaa juu ya rangi kama ngozi nyembamba, vumbi na mvua visipate pa kushika.

Sikukurupuka. Nilibandika utepe katikati ya boneti la Hailaksi kuukuu ya mama, nikaweka ya kukausha ya bei ndogo huku na ya bei kubwa kule. Nikamwagia maji. Nikaacha upepo ufanye kazi yake, nikaangalia, kesho yake nikaangalia tena.

Ya bei ndogo ilikausha vizuri, lakini inataka umimine kama ilivyo, haivumilii maji. Na ikikauka inaacha ukungu unaohitaji kusuguliwa. Ile ya bei kubwa ilikuwa nzito kama uji. Muuzaji alisema kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima ya maji, magari yanapita na bado ndoo ina kitu.

"Mama, hii ya bei kubwa ndiyo ya bei ndogo," nilimwambia. "Na ya kuziba tusinunue nyingi. Anayeosha kila wiki hii ya kukausha inamtosha. Ya kuziba tumwekee anayesafiri mbali, naye alipie."

Mama Safina aliniangalia, akaangalia boneti. "Umeona, Zita? Huyo ndiye niliyemtaka."

Tulinunua dumu zima.

Wakati wa kushusha, yule muuzaji alinishika bega. "Dada, sikiliza. Hii usiichanganye na maji ya kisima chenu. Chumvi itaivunja. Tafuta ya mvua."

Nilimsikia. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Siwezi kusema sikuambiwa.

Maji ya mvua yalikuwepo, kwenye tangi la nyuma. Lakini Mama Safina alikuwa amelifunga kwa kofuli, ni maji ya pilau ya harusi. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake, kwenye uzi. Ilikuwa ni kusema tu, "Mama, naomba maji kidogo ya tangini."

Sikusema. Nilijiambia, mtu aliyesifiwa jana, leo aanze kuombaomba? Atasema kumbe dawa niliyochagua ina masharti. Na Zita alikuwa amesimama pale, ananisubiri nikosee.

Halafu nikafanya ujinga mwingine juu ya ule. Badala ya kuchanganya ndoo moja nione, nikachanganya dumu lote kwenye pipa, kwa maji ya kisima, ili kazi iishe.

Ilikatika kama maziwa yaliyochacha. Mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini na mabonge meupe yakielea. Nilikoroga mpaka mikono ikaisha nguvu. Nikinyunyizia kwenye gari linakuwa na michirizi, kama limetemewa mate.

Zita alikuwa ameenda kununua sabuni. Nilisukuma pipa nyuma ya choo, nikalifunika turubai, nikaweka matofali juu.

Aliporudi akaniuliza, "Dawa iko wapi?"

"Inatulia," nikasema. "Haitumiki siku hiyo hiyo."

"Kumbe ni kama togwa," akasema, akaendelea na kazi.

Siku ya mnada, shangazi yangu Marieta alishuka kutoka Nambis. Ndiye aliyenilea. Alinikuta nimekaa kwenye jiwe, akanishika mikono, akaigeuza.

"Hii mikono ya mtu au ya mjusi?"

Sabuni ilikuwa imeipasua mpaka inatoa damu. Shangazi akafungua kitambaa chake akatoa kichupa. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Yale yale ya bibi yako. Paka asubuhi na jioni."

Tukaongea ya nyumbani. Mahindi yamekuwaje, Bonaventura mwanawe anapata kipaimara, bati za nyumba zimefika, kondoo ameuza. Mimi nilikuwa naitikia tu, "Ee, shangazi. Ndiyo, shangazi." Akili yangu ilikuwa nyuma ya choo.

Wakisema mimi nina macho, waulizeni masikio yangu yalikuwa wapi siku hiyo.

Asubuhi yake nikapaka yale mafuta, nikashika mpira wa maji. Maji yakakimbia mkononi. Sio kulowesha, kukimbia. Matone matone, kama kwenye boneti la majaribio.

Nikamkumbuka bibi. Alikuwa na sketi ya ngozi aliyoolewa nayo, ya shanga, na kila masika aliipaka mafuta ya kondoo. Akinyeshewa mvua anajikung'uta kama bata, sketi imekauka.

Nikajiambia, Paskalina, Mungu amekuona.

Nilimpigia shangazi. "Yale mafuta nitumie zaidi. Mengi."

"Mengi ya nini, unapaka ukuta?"

"Tuko wengi huku, mikono imeharibika."

"Haya. Nitaweka kwenye basi."

Likaja kopo la rangi, limejaa, limefungwa kwa nailoni. Mafuta meupe, mazuri, hayana harufu kali. Nilipika kwenye jiko langu la mkaa, chumbani kwangu mtaa wa Jorodom: mafuta, sabuni ya mche iliyokunwa, kipande cha magadi, maji ya moto. Nilikoroga mpaka ikawa kama maziwa. Safari hii haikukatika.

Nikaimimina kwenye lile dumu tupu lenye karatasi ya kiwandani.

Msomaji, ilifanya kazi. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ingekataa siku ya kwanza, ningekiri na kulia na ingeisha. Lakini maji yalikimbia, madoa yakapungua, magari yakang'aa mpaka jua linateleza. Wateja wakarudi.

"Paskalina wangu," Mama Safina akawa anawaambia majirani, "amepima dawa kama daktari. Sitaki kusikia mtu anasema msichana huyu hakusoma."

Kila akisema hivyo nilikuwa napata kazi ya kufunga kamba za viatu. Nilivaa kandambili, lakini niliinama vilevile.

Zita peke yake ndiye aliyenusa. "Hii dawa mbona vumbi linaipenda? Gari likifika Balangdalalu linarudi limevaa koti."

"Ni vumbi la kiangazi," nikasema.

"Na mbona nikimaliza kazi nasikia njaa ya nyama?"

Nikamwambia ana mimba. Akanirushia taulo.

Basi, harusi ikafika.

Bwana harusi ni kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Dongobesh. Wazee wake walikuwa waje asubuhi, wanywe chai kwa Mama Safina, watawadhe, kisha wapelekwe msikitini, waswali na kufunga ndoa. Gari la kuwabeba lilikuwa Prado nyeusi ya Seifu, kaka yake Mama Safina. Seifu ni mtu wa msikitini na mtu wa gari lake. Sijui kipi kinatangulia.

Nililiosha mwenyewe. Nilipiga dawa mara mbili, nje yote, vitasa, kioo cha pembeni, mpaka ngazi ya kupandia. Likawaka. Mama Safina alitoka na hina mpya mikononi, akapitisha kiganja kwenye boneti polepole, kama anapapasa shavu la mtoto.

"Mashallah. Mwanangu, umenipa heshima mbele ya wakwe."

Akaniita mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo kabla.

Seifu akalisogeza gari mbele ya geti, akaingia ndani kubadili kanzu. Mimi nikaenda kuanua mataulo.

Nikasikia Zita anacheka. Sio kicheko cha kawaida, cha mtu anayetafuta pa kushika.

Mbwa walikuwa watatu. Mmoja alikuwa anaramba bampa. Wa pili amesimama kwa miguu ya nyuma, anaramba mlango, macho amefumba. Wa tatu alikuwa anazunguka tairi akililia kama amefiwa.

"Paskalina!" Zita alishindwa kuvuta pumzi. "Wageni wa kwanza wameshaanza kula!"

Nilikimbia na fagio. Nikawafukuza, wakaenda hatua chache, wakakaa, wakaniangalia kwa heshima kabisa. Wakasubiri.

Seifu alikuwa amesimama getini. Kanzu nyeupe, kofia mkononi. Aliona yote.

Alikuja, akainama kwenye mlango, akanusa.

"Mwanaamina!" akaita. "Njoo hapa. Mbwa wanalamba gari langu kama sahani."

Mama Safina akatoka.

"Nusa," Seifu akamwambia. "Hiyo ni dawa ya Arusha? Mimi nasikia jikoni."

Mama Safina akanusa. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ananingoja nimpe jibu zuri ili amjibu kaka yake.

"Paskalina, mwambie mjomba wako hii ni nini."

Zita aliacha kucheka.

Nilipiga magoti pale pale kwenye matope ya kuoshea. "Mama, nisamehe. Ile dawa ya dumu iliharibika. Nilichanganya na maji ya kisima, ikakatika. Nikaogopa kusema. Hii nimepika mimi, kwa mafuta."

"Uliambiwa usichanganye na maji ya kisima?"

"Niliambiwa."

"Maji ya mvua si yalikuwepo tangini?"

"Yalikuwa ya pilau."

Mama Safina akashika ule uzi shingoni mwake, akautoa ufunguo nje, akautazama. "Ndoo moja, Paskalina. Kwa nini hukuniomba ufunguo?"

Msomaji, angenipiga kofi ningeshukuru.

Seifu hakuwa na haja na ufunguo. "Mafuta ya nini?"

"Ya kondoo, mjomba. Ya mkia. Ya nyumbani kwetu Nambis."

"Kondoo aliyechinjwa na nani?"

Sikuwahi kufikiria hilo, na lilipaswa kuwa la kwanza kufikiria. Nakula mezani kwa Waislamu, najua kabisa wanachouliza kabla ya kugusa nyama.

Halafu nikakumbuka desturi ya kwetu. Nambis sisi ni Wakristo karibu wote, lakini ukiwa na sherehe unamwita Mwislamu akuchinjie, ili wageni wote wale chungu kimoja, asiwepo wa kukaa pembeni na soda yake. Na kwetu siku zote anayeitwa ni mmoja, mzee Mudathir wa Dongobesh, anayepita vijijini na vitenge. Alimchinjia babu yangu. Kipaimara changu alichinja yeye.

"Mzee Mudathir wa Dongobesh ndiye anayetuchinjia," nikasema.

Mama Safina akatoa pumzi ndefu. Hata Seifu mabega yalishuka.

"Mudathir? Huyo ni baba mkubwa wa bwana harusi," Mama Safina akasema. "Yuko njiani na wazee wenzake. Basi kama ni mkono wake, harufu tutaivumilia. Lakini wewe mpigie mtu wa nyumbani, unithibitishie. Nataka kuwa na neno la uhakika."

Nilikwenda nyuma ya choo, karibu na lile pipa nililolificha. Nikapiga.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mikono imepona?"

"Imepona. Shangazi, yale mafuta uliyoweka kwenye basi, yule kondoo alichinja mzee Mudathir?"

"Kondoo gani tena?"

"Wa yale mafuta. Ya kopo."

Akacheka, kile kicheko chake cha shambani. "Wewe mtoto! Si nilikuambia mnadani kondoo nimeuza nikanunua bati? Kile kichupa ndicho kilikuwa cha kondoo, nilikikuta kabatini. Ya kopo ni ya yule nguruwe wa bandani, tuliyemchinja juzijuzi kwa ajili ya Bonaventura, maana safari hii wageni walikuwa wa kanisani watupu. Alikuwa amenona, mwanangu, mafuta yake hata hayanuki. Unataka mengine? Nina ndoo hapa."

Nilishika ukuta wa choo.

"Halo? Paskalina? Unanisikia?"

Nikakata simu.

Niliwaza kitu kimoja tu: nilioshe upya. Sabuni kali, maji mengi, nisugue lote kabla mtu hajaligusa. Nikakimbia, nikachukua ndoo na sponji, nikaanza na mlango.

"Unafanya nini?" Mama Safina akauliza.

"Nalirudia, mama. Ile harufu."

"Acha. Wageni wale wanashuka."

Kweli, gari la wageni lilikuwa limeshasimama. Wazee wanashuka wakinyoosha migongo, wanawake wa nyumbani wanapiga vigelegele. Mama Safina akachukua sponji mkononi mwangu kwa vidole vyake vya hina, akalitupa kwenye ndoo.

"Shangazi amesemaje?"

Alikuwa amenikaribia. Aliuliza kwa sauti ya chini, ya watu wawili. Nyuma yake Safina alikuwa dirishani, ameshapambwa, anachungulia akicheka na wenzake.

Ningesema pale, tungekuwa wawili tunaojua. Gari lingerudi nyuma, tungelisugua, wazee wangepandishwa Hailaksi wakacheka, ikaisha. Nimelipigia hesabu hilo jambo mara nyingi na kila mara linatoka hivyo hivyo. Nafasi nilikuwa nayo.

"Ni kondoo, mama," nikasema. "Mzee Mudathir ndiye aliyechinja."

Akanigusa shavu. Kwa mkono ule ule.

"Neno lako linanitosha."

Wazee wakanywa chai. Wakatawadha kwenye bomba la uani, maji ya tangini, kofuli limefunguliwa leo kwa kila mtu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Prado na fagio langu, nafukuza mbwa. Zita akaja kusimama pembeni yangu.

"Una nini? Umekuwa mweupe kama ugali."

"Sina kitu."

"Ulisamehewa mbele yangu. Ingekuwa mimi ningekuwa naimba."

Angalau ningemwambia Zita. Zita ana mdomo, angelipasua mapema na kuniokoa.

Mzee Mudathir alitoka wa kwanza. Amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho, lakini hatua ni ile ile, ya mtu aliyezoea kutembea na mzigo. Mikono ya kanzu ameikunja, maji yanamdondoka viwikoni. Akaniona, akasimama.

"Huyu si mtoto wa kwa Marieta? Wa Nambis?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba! Umekua! Kipaimara chako nilichinja mimi, ulijificha nyuma ya ghala unalia, unasema kondoo alikuwa rafiki yako."

Watu wakacheka. Mama Safina naye alicheka, akaja, akaegemea boneti na kiganja chake, furaha imempanda usoni. Alitaka kunipa sifa mbele ya wakwe. Hata baada ya yote yale.

"Mzee, kumbe tunakushukuru bila kujua," akasema. "Gari hili limeng'arishwa kwa mafuta ya kondoo uliyemchinja wewe huko kwao. Huyu binti ndiye aliyeyapika."

Mzee Mudathir akakunja uso kidogo, anatafuta. Nilimwona anatafuta. Alirudi nyuma kichwani, nyumba kwa nyumba, zizi kwa zizi.

"Kwa Marieta? Hivi karibuni?"

Nikalibana fagio kifuani.

Akaniangalia. Sijui aliona nini. Akatabasamu kama mtu anayemfunikia mtoto aliyejikojolea.

"Nimechinja wengi, mama, uzee unasahau. Lakini kama Paskalina amesema ni mimi, basi ni mimi. Hawa watoto wa Nambis hatuwajui kwa uongo."

Seifu akawasha gari. "Bismillah, wazee. Tusichelewe."

Mzee Mudathir akaweka kofia yake sawa. Akanyoosha mkono wake uliolowa, safi, kuelekea kwenye kitasa.

"Mzee, usishike!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mimi. Vigelegele vilikatika. Safina akatoa kichwa dirishani. Seifu akazima gari, na nikasikia hata mbwa mmoja akimeza mate.

Mkono wa mzee ulibaki hewani, tone moja likaning'inia kwenye kidole.

"Usishike, mzee," nikarudia, sasa kwa sauti ya kunong'ona. Fagio lilikuwa limeanguka. "Nakuomba. Wala wewe mjomba, usiguse tena. Mtu asiguse."

Walikuwa wananitazama tu, kanzu zote zile nyeupe.

Mama Safina aliondoa kiganja chake kwenye boneti polepole. Akakigeuza juu. Hina ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Akakitazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi, na lile neno mwanangu lilikuwa limeshatoka machoni pake.

"Paskalina," akasema. "Shangazi yako alikuambia nini kwenye simu?"